Mtoto Asiyelia na Mikono ya Mkunga

Hotuba kwa wakunga, wauguzi na wanafunzi wa afya, Mwanza, katika wiki ya Siku ya Wakunga Duniani

Mgeni rasmi, viongozi wa afya wa mkoa na wa halmashauri zetu, wakunga wenzangu, wanangu mnaosomea kazi hii, na ninyi akina baba wavuvi mliotoka mialoni kuja kutusikiliza: mwangaluka!

Nimepewa mada ya mtoto anayezaliwa bila kulia. Humu ndani hakuna asiyemjua. Ametoka, viungo vimelegea, midomo imekuwa ya buluu, na mama anainua kichwa kuuliza, "Nesi, mbona simsikii mwanangu?" Majumbani tunasema mtoto kazaliwa amechoka. Nimekaa leba miaka mingi, visiwani na hapa mjini, na sasa nimestaafu nikiwa na neno moja la kuwaachia. Kinachomwokoa mtoto huyu ni hewa kuingia mapafuni, na kuingia mapema. Wakunga walilijua hilo zamani sana. Baadaye wenye elimu zao wakalipoteza, wakahangaika na njia za ajabu kwa zaidi ya miaka mia moja, kisha wakalirudia. Nawasimulia habari hizi ili muelewe kwa nini tunawasumbua kila wiki mfanye mazoezi na mdoli.

Tuanze na mwili wenyewe. Tumboni mtoto havuti hewa. Mapafu yake yamejaa maji yanayotengenezwa na mapafu yenyewe, na oksijeni anaipata kwenye kondo la nyuma kupitia kitovu. Damu inayopita mapafuni wakati huo ni kidogo mno. Akizaliwa, ghafla yale maji yanatakiwa yaondoke yanyonywe na mwili, vifuko vya hewa vifunguke, na mishipa ya mapafu ilegee ili damu ianze kupita. Kazi yote hiyo inafanywa na pumzi za mwanzo. Kuyafungua mapafu mara ya kwanza ni kama kufungua mfuko wa nailoni uliolowa ukagandana: ugumu uko mwanzoni, ukishaachana unafunguka kirahisi. Watoto walio wengi wanajifungulia wenyewe. Takriban mmoja katika kumi anahitaji kusaidiwa kidogo, akaushwe vizuri na kusuguliwa mgongo. Watatu hadi sita katika kila mia watahitaji kupuliziwa hewa. Wanaohitaji makubwa zaidi ya hapo, kama mpira wa kooni, dawa au kubonyezwa kifua, hawafiki mmoja katika mia. Kwa hiyo mtoto aliyechoka, kwa sehemu kubwa sana, ni mtoto wa zahanati. Anaweza kuokolewa visiwani Ukara au Kome kama anavyoweza kuokolewa hospitali kubwa ya Bugando.

Mnaosoma Biblia mnakumbuka habari za Elisha katika Wafalme wa Pili, alivyojilaza juu ya mtoto wa yule mama Mshunami, kinywa juu ya kinywa, mpaka mwili ukapata joto na mtoto akapiga chafya mara saba. Yule hakuwa mtoto mchanga, lakini wazo lilikuwepo. Maandishi ya wazi kuhusu mtoto mchanga tunayapata mwaka 1472 katika mji wa Padua, Italia. Daktari Paolo Bagellardo alichapa kitabu cha maradhi ya watoto, cha kwanza cha aina yake kupigwa chapa, na humo akamwelekeza mkunga kwamba akimkuta mtoto ana joto, hajawa mweusi, na hapumui, ampulizie kinywani. Ni maelezo mafupi mno. Mimi nikiyasoma naona daktari aliyekuta wakunga wanafanya jambo, akaliandika. Mtu hafundishi kazi ngeni kwa sentensi moja.

Mwaka 1543 Andreas Vesalius, bingwa wa elimu ya mwili, alieleza jinsi ya kuingiza kipande cha tete kwenye koo la hewa la mnyama na kupuliza, mapafu yakapanda na moyo ukarudi kudunda. Mwaka 1667 huko London, Robert Hooke alimweka mbwa hai kwa kumsukumia hewa kwa mvukuto mbele ya wasomi wenzake. Kwa hiyo ushahidi ulikuwepo wazi, kwa mtu na kwa mnyama.

Karne ya 18 ndiyo iliyofungua mlango mkubwa, na mlango huo ulifunguliwa na maji. Mwaka 1767 watu wa Amsterdam, mji wa mifereji, waliunda chama cha kuokoa waliozama, na mwaka 1774 London wakaunda cha kwao. Sisi tunaoishi na hili ziwa hatuhitaji kuelezwa kwa nini. Vyama hivyo viliwafundisha watu kwamba aliyetolewa majini hapumui anaweza bado kuwa hai, apashwe joto, asuguliwe, apuliziwe kinywani. Aliyezama na mtoto aliyezaliwa amechoka wakawa wanatibiwa kwa mafundisho yaleyale, ya kweli na ya uongo. Maana uongo nao ulikuwepo. Walikuwa wakipuliza moshi wa tumbaku kwenye njia ya haja kubwa wakiamini utamzindua mgonjwa, na njia hiyo ilidumu miaka mingi mpaka mwaka 1811 Benjamin Brodie alipoonyesha kwamba sumu ya tumbaku inaweza kuua.

Katika karne hiyohiyo kuna mwanamke ninayemheshimu kuliko madaktari wote niliowataja. Anaitwa Angélique du Coudray, mkunga wa Ufaransa. Mwaka 1759 mfalme Louis XV alimpa kibali cha kuzunguka nchi nzima kuwafundisha wanawake wa vijijini ukunga. Wengi wao hawakujua kusoma. Akashona mwili wa mama kwa kitambaa na ngozi, na mtoto wa kitambaa ndani yake, akawafundisha kwa mikono. Wanafunzi walirudia kitendo mpaka mikono ikakikubali. Alizunguka zaidi ya miaka ishirini na kufundisha maelfu. Mwanasesere wake mmoja bado umehifadhiwa katika makumbusho ya mji wa Rouen. Wanafunzi wangu mnaolalamika kwamba kumpumulisha mdoli ni mchezo wa watoto, huyo mama ndiye mwalimu wenu wa kwanza.

Sasa ilipoteaje njia ya kupuliza? Jibu linaniuma, kwa sababu ilipotea kutokana na ugunduzi mzuri. Katika miaka ya 1770 Scheele na Priestley waligundua ile hewa ambayo Lavoisier baadaye aliipa jina la oksijeni, na kabla yao Joseph Black alikuwa ameieleza hewa ya kaboni tunayoitoa puani. Watu wakafikiri: ikiwa hewa ninayoitoa imeshatumika, basi nikimpulizia mtoto ninampa uchafu. Leo tunajua pumzi tunayoitoa bado ina oksijeni karibu asilimia 16 au 17, wakati hewa ya kawaida ina 21, na hiyo inamtosha kabisa. Lakini wakati huo hawakujua. Zaidi ya hapo, baadhi ya madaktari waliona kupuliza kinywani ni mambo ya wakunga na watu wa chini, hayamfai msomi. Wakahamia kwenye mvukuto. Mvukuto huu ni uleule wa mhunzi, kama ule wa mafundi chuma wa Kirongo kule Geita na Sengerema, ila mdogo na wenye bomba. Nao ukaleta balaa lake. Mwishoni mwa miaka ya 1820 Mfaransa Leroy d'Étiolles alionyesha kwamba hewa ikisukumwa kwa nguvu inapasua mapafu na kuua mnyama mzima. Badala ya wenzake kusema "basi tusukume kidogokidogo," wengi wakaacha kabisa kusukuma hewa.

Yaliyofuata ni marefu na yanasikitisha. Mtoto hapumui, na umekatazwa kumpulizia. Utafanya nini? Utamtikisa. Utampiga makofi. Utamtumbukiza kwenye maji ya moto, umtoe, umtumbukize kwenye maji ya baridi, umrudishe. Utampaka pombe kali. Utamvuta ulimi kwa mpigo, kama alivyofundisha Laborde wa Ufaransa mwaka 1892. Wapo walioandika kwamba njia ya haja kubwa ipanuliwe kwa mdomo wa kunguru au gunzi la mahindi. Na Bernhard Schultze, profesa wa ukunga huko Jena, Ujerumani, mwaka 1871 aliandika kitabu kizima akieleza njia yake: mkunga anamshika mtoto mabegani kwa nyuma, anambembeza juu mpaka miguu inakunjikia kifuani, halafu anamshusha kwa nguvu, tena na tena. Mtoto mbichi, analowana, anapigwa na baridi, anarushwa hewani. Njia ya Schultze ilifundishwa vyuoni mpaka ndani ya karne ya 20. Vidole vya waliofuata kitabu vilivunja mifupa ya watoto.

Kabla hatujawacheka wazee hao, tujiangalie. Wangapi humu mmeona mtoto ameshikwa miguu, kichwa chini, anapigwa makalio? Wangapi mmeona anamwagiwa maji ya baridi usoni? Mimi nimeona. Na mtoto akalia, na aliyempiga akaondoka akiamini kofi lake ndilo lililompa uhai.

Ufumbuzi wa fumbo hilo ulikuja Oxford katika miaka ya 1950 na 1960, katika kazi za Geoffrey Dawes na wenzake. Walichunguza vichanga vya wanyama wanavyokosa hewa, hatua kwa hatua. Kichanga akikosa hewa kwanza anavuta pumzi kwa haraka, halafu anaacha. Anakaa kimya. Huo ni ukimya wa kwanza. Moyo unapungua kasi lakini damu bado inatembea. Ukimgusa, ukimkausha, ukimsugua, anaweza kuanza kupumua. Hata usipomgusa, baada ya muda anaanza kutweta mwenyewe, pumzi nzito za hapa na pale. Zikishaisha hizo anaingia kwenye ukimya wa pili. Hapo hakuna kofi, maji, dawa wala kubembeza kutakakomrudisha. Hapo ni hewa tu. Na kila dakika moja uliyochelewa, yeye anahitaji dakika nyingi zaidi ili kurudi: katika majaribio yale, kuchelewa dakika moja kuliongeza takriban dakika mbili kabla ya pumzi ya kwanza na zaidi ya dakika nne kabla ya kupumua sawasawa.

Sasa unganisheni na kofi, maji ya baridi, ulimi na gunzi. Mtoto aliye kwenye ukimya wa kwanza angepumua karibu kwa lolote, hata kwa kukaushwa na kitenge. Kila aliyebuni njia yake aliwaona hao wanapona, akaisifu njia. Walio kwenye ukimya wa pili walikufa, na watu wakasema Mungu amempenda zaidi. Hivyo ndivyo njia isiyofaa ilivyoweza kudumu vizazi vitatu vya wasomi. Na kwa macho yako, ukiwa umesimama pale kitandani, ukimya wa kwanza na wa pili vinafanana. Mtoto huyu anaweza kuwa alianza kukosa hewa tumboni nusu saa iliyopita. Wewe hujui yuko wapi. Kwa hiyo kausha, sugua, na kama hajapumua usisubiri kujua, mpulizie.

Karne ya 20 nayo haikuwa safi. Walichoma watoto sindano za kuchangamsha upumuaji, wakawafungia kwenye mitungi ya kubadilisha shinikizo la hewa, wakawapitishia oksijeni tumboni kwa mpira. Hiyo ya tumboni ilipimwa vizuri mwanzoni mwa miaka ya 1960 na ikaonekana haina faida. Miongoni mwa waliopima alikuwamo Virginia Apgar, daktari wa usingizi wa New York, yule ambaye jina lake mnaliandika kila siku kwenye faili bila kujua ni mtu.

Apgar mwaka 1952 alipendekeza, na 1953 akachapisha, alama za mambo matano: mapigo ya moyo, kupumua, kukaza kwa misuli, kuitikia akiguswa, na rangi. Kila moja sifuri hadi mbili. Kabla yake mtoto aliyezaliwa hoi mara nyingi aliwekwa pembeni, macho yote yakawa kwa mama. Alama zake zilimlazimisha mtu mmoja chumbani amwangalie mtoto na aandike alichokiona. Ni jambo kubwa sana. Lakini naomba niwaambie wazi: alama za dakika moja ni za kumbukumbu. Msikae na saa mkingoja dakika iishe mpate namba ya kuandika wakati mtoto hapumui.

Kisha ikaja ambu, mfuko wa kumpulizia mgonjwa hewa kwa kuuminya kwa mkono. Mwaka 1952 Copenhagen ilipigwa na polio kali, wagonjwa wakapooza misuli ya kupumulia, na wanafunzi wa udaktari kwa mamia wakakaa zamu usiku na mchana wakiminya mifuko ya hewa kwa mikono. Miaka michache baadaye, 1956, wakiwa hukohuko Denmark, daktari wa usingizi Henning Ruben na mhandisi Holger Hesse wakatoa mfuko unaojijaza wenyewe ukiuachia. Haudai umeme. Haudai mtungi wa gesi. Kwa mtu anayefanya kazi kisiwani Irugwa, ambako TANESCO na mawimbi vinaamua siku yake, sijui chombo gani kilichobuniwa karne ile chenye thamani kuliko hicho.

Na oksijeni? Tulifundishwa kwamba bila mtungi hakuna kazi. Ola Didrik Saugstad wa Norway aliuliza swali ambalo wengi waliliona la kipuuzi: je, oksijeni tupu haimdhuru mtoto aliyekuwa ameikosa? Alikuwa na sababu za kikemia za kuuliza. Majaribio ya watoto yakafanyika, ya kwanza India yakiongozwa na Siddarth Ramji mwaka 1993, baadaye nchi nyingi. Watoto waliotimiza miezi waliopuliziwa hewa ya kawaida walipona vizuri, na walipojumlishwa wote vifo vikawa vichache kuliko kwa waliopewa oksijeni tupu. Tangu 2010 miongozo ya kimataifa inasema anza na hewa ya kawaida. Ina maana zahanati isiyo na mtungi haina kisingizio tena, na haina sababu ya kujidharau.

Hata kunyonya ute, kitu tulichokifanya kwa kila mtoto kama sala, kimepunguzwa. Mtoto anayelia hahitaji mpira kooni. Ukimchokonoa huko nyuma moyo unaweza kushuka. Nyonya pale tu unapoona kitu kimeziba.

Sasa tuje nyumbani, maana sehemu ya mwisho ya historia hii imeandikwa Tanzania na inafaa tuijue kwa majina.

Mwaka 2010 ulizinduliwa mpango wa kuwasaidia watoto kupumua, ule wenye picha na mdoli wa kujaza maji, unaosisitiza dakika ya dhahabu: ndani ya dakika moja tangu kuzaliwa mtoto awe anapumua au awe anapuliziwa. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kuujaribu. Dakta Georgina Msemo na wenzake walifuatilia hospitali nane nchini, na matokeo yao yaliyochapishwa 2013 yalionyesha vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vimepungua kwa asilimia 47, na idadi ya waliohesabiwa kuwa wamekufa muda mfupi tu kabla ya kuzaliwa imepungua kwa asilimia 24. Hili la pili lina uzito wake. Lina maana baadhi ya watoto tuliokuwa tukiwafunika khanga na kuandika "amefariki tumboni" walikuwa hai, wakiwa kwenye ukimya wa pili.

Kule hospitali ya Haydom, Manyara, Hege Ersdal na wenzake walikaa leba na saa mkononi. Mwaka 2012 walitoa hesabu ambayo ningependa ibandikwe ukutani katika kila leba ya Kanda ya Ziwa: kila sekunde 30 za kuchelewa kuanza kupuliza hewa ziliongeza hatari ya kifo kwa asilimia 16. Sekunde thelathini ni muda wa kwenda kabatini na kurudi.

Halafu wakagundua jambo lililowavunja moyo. Mwaka 2013 waliandika kwamba mafunzo ya siku moja yaliwafanya wakunga wafanye vizuri sana kwa mdoli, lakini kitandani kwa mtoto wa kweli mambo hayakubadilika. Walipata vyeti, wakarudi kufanya kama zamani. Hilo halinishangazi. Hofu inapokushika usiku wa manane, hukumbuki semina. Mikono inafanya ilichozoea. Basi wakaacha semina kubwa, wakaweka mdoli leba, na kila mtu akawa anafanya dakika chache mara kwa mara, akiwa zamu, bila posho wala ukumbi. Estomih Mduma na wenzake walitoa matokeo mwaka 2015: vifo vya saa 24 za kwanza vilishuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto elfu.

Mbegu hiyo ikapandwa huku kwetu. Mpango ulioongozwa na Benjamin Kamala na wenzake kutoka Haydom uliingia hospitali 30 katika mikoa mitano: Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza. Mazoezi mafupi ya mara kwa mara, vifaa bora vya kusikiliza moyo wa mtoto wakati wa uchungu, na kukaa pamoja kuangalia takwimu zenu wenyewe. Mwaka 2025 matokeo yalichapishwa Marekani katika jarida kubwa la tiba. Vifo vya watoto wakati wa uchungu na ndani ya saa 24 vilishuka kutoka 15.3 hadi 12.5 kwa kila elfu. Mafanikio hayakuwa sawa mikoa yote, na sisi wa Mwanza tusilifiche hilo. Tukae tuulizane wenzetu walifanya nini kila wiki ambacho sisi tulikiruka. Baadhi ya wakunga waliokusanya takwimu zile wamekaa humu ndani. Simameni tuwapigie makofi.

Asanteni. Sasa niwaonyeshe, maana nimesema sana. Huyu mdoli nimemlaza kwenye kitenge kikavu. Kile kilicholowa nimekitupa, mtoto asilale kwenye maji. Kitambaa kidogo chini ya mabega. Kichwa kikae kama mtu anayenusa kitu, kisilale kifuani, kisikunjwe nyuma sana. Barakoa inaanza kwenye ncha ya kidevu, inafunika mdomo na pua, macho inayaacha. Kidole gumba na cha shahada vinabana barakoa, vitatu vilivyobaki vinainua taya kuelekea kwenye barakoa. Wengi mnakosea hapo, mnakandamiza barakoa usoni, kumbe taya ndiyo inayokuja juu. Minya, mbili, tatu. Minya, mbili, tatu. Mara arobaini kwa dakika. Macho yako yasiangalie mfuko, yaangalie kifua. Kinapanda kidogo? Umefaulu. Hakipandi? Rekebisha kichwa, kaza barakoa, tazama kama kuna ute, fungua mdomo, kisha minya zaidi kidogo. Mwenzako ashike kitovu pale kilipoungana na tumbo ahesabu mapigo.

Na kabla ya zamu, ziba barakoa kwa kiganja, minya. Ukisikia hewa inatoka kwenye vali ya usalama, ambu ni nzima. Ni kazi ya muda wa kufunga aproni.

Viongozi wetu, mniwie radhi, hili ni lenu. Nimewahi kufanya kazi mahali ambapo ambu ilikuwa mpya kabisa, imefungiwa kabatini isipotee, na ufunguo umekwenda nyumbani na mkubwa wa zamu ya mchana. Usiku huo tulipuliza kwa vinywa vyetu. Naomba ukaguzi wenu usiishie kuhesabu vifaa stoo. Ingieni leba, mwambieni mkunga, "Nionyeshe," na mhesabu sekunde mpaka mkono wake unapogusa ambu. Kama kituo kina ambu moja na vitanda vitatu, hiyo ndiyo hoja ya bajeti.

Mwisho, akina baba wa mialoni. Mara nyingi mama anaanza safari visiwani na mtoto anazaliwa ndani ya mtumbwi kabla ya kufika. Mkiona uchungu umeanza, msingoje kupambazuke. Pigeni 115, namba ya m-mama, haina malipo, wataelekeza usafiri na kituo kijiandae. Akizaliwa majini hapo, mkausheni kwa nguo kavu, kichwa na mwili, mumsugue mgongo. Msimshike miguu, msimpige, msimmwagie maji ya ziwa. Msikate kitovu kwa haraka. Akilia, mlazeni kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, mfunike wote wawili, upepo wa usiku ziwani ni mkali. Akiwa kimya bado, mfuteni damu usoni, kichwa kikae kama nilivyoonyesha, zibeni mdomo na pua yake pamoja kwa mdomo wenu, na mpulizeni hewa ya mashavuni tu, kidogo, mpaka kifua kiinuke. Pumzi moja, subiri kidogo, nyingine. Msiache kupuliza kwa kuwa hajalia. Endeleeni hadi apumue au mfike kwa mkunga. Na mmoja wenu awe kwenye simu na zahanati ya mwalo mnaouelekea, ili mkunga awangoje ufukweni na ambu mkononi.